Milisekunde Nne

Tulizika masikio arobaini na moja
kutoka Nkoaranga hadi vumbi la Kikwe,
kila moja na betri yake, na mfuniko wa ndoo.
La kumi na saba likaangukia uani kwa Apaikunda,
nyuma ya banda, pale anapomwaga majivu.
"Linasikiliza nini?" akauliza.
Nikasema, ardhi.
"Na sisi?"
Nikasema, na ninyi, ila ninyi tunawafuta.

Hakupenda hilo. Hata mimi, nilipolitamka, halikunikaa vizuri.

Siku tatu gari zito lilipita barabara ya chini,
likibana bati lake mavumbini, likitetema
sekunde kumi na mbili, likinyamaza, likisogea.
Vikombe viligongana kabatini. Kuku waliacha kutaga.
Sauti ikashuka, ikapiga majivu ya kale ya Meru,
ikapiga lava, ikapiga mwamba usio na jina la nyumbani,
ikarudi imechoka,
imebeba kila ilichokutana nacho njiani.

Sasa ni saa nane usiku, chumba cha kupanga, Usa River,
skrini, na chai iliyopoa.
Naondoa mashine ya kusaga ya Kaaya.
Naondoa bodaboda, naondoa ng'ombe aliyelalia waya,
naondoa ngoma ya kwaya ya Alhamisi
(hiyo naiondoa polepole; walikuwa wakiimba vizuri).
Kinachobaki ni kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza:
mistari, mistari, yote imelala.

Hakuna ufa, alisema bosi wangu Tesha, akaenda zake.
Jicho nalo linasema hivyo hivyo.
Lakini jicho hupenda mambo yaungane;
likiona pengo dogo hulishona lenyewe.

Kwa hiyo siliulizi jicho. Naiuliza hesabu,
nayo haijui kitu ila swali moja la kimbea:
huyu anafanana na jirani yake?
Na huyu? Na wa pili wake? Wa tatu?
Wanafanana, wanafanana, wanafanana,
kisha, chini ya sikio la kumi na saba,
kilomita tatu ndani,
mmoja ameshuka milisekunde nne.
Nne tu. Pepesa jicho, umezipita mara sabini.
Kule chini ni kimo cha mgrevilea mchanga.
Na aliye chini yake ameshuka. Na wa chini yake.
Napaka weusi kila penye kutofanana,
weusi unajipanga, unainama, unashika njia ya kaskazini
kama mtu anayejua anakokwenda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa.
Huu utauziba kwa udongo gani, kwa mwiko wa nani?
Huenda umelala tangu mlima haujawa mlima.
Huenda haujalala.
Data imesema "hapa", ikafunga mdomo.

Asubuhi nilikwenda kulichimbua sikio.
Uani pana mstari wa masale:
huku Apaikunda, kule shemeji yake Ndelilio,
hawajasalimiana tangu msiba wa mwaka juzi.
Nilijua siku ile ya kwanza, kwa jinsi njia ilivyoota majani.
Ufa wangu unapita chini yao wote wawili, mshazari,
haujui masale.

Nikamwonyesha kwenye karatasi. Akaishika juu chini,
akauliza kama nyumba itaanguka.
Nikasema sijui. Nikasema, mkijenga tena
msibanie nondo.
Akacheka, meno ya kahawia kama yangu,
rangi ya maji tuliyonywa sote, yatokayo huko huko chini.
"Basi na yule kamwambie," akasema,
akinyoosha kidevu ng'ambo ya masale.
"Wewe si ndiye mwenye kazi ya kusikia."

Nikazunguka kwa barabarani,
sikio kwapani, lina udongo bado,
maana pale katikati hapakuwa tena na pa kupita.